Jiwe la mwezi, au kioo tu?

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya shinikizo la damu kwa wajawazito. Mniwie radhi, hilo litasubiri kidogo. Kuna jambo limenipata, na nikilinyamazia nitakuwa nimewaacha wenzangu waliwe fedha mchana kweupe.

Hapa Birmingham tuko wanawake kumi na wawili wenye mchezo wetu wa fedha, wengine wa Tanga kama mimi, wengine wa Unguja, Mombasa na Bujumbura. Binti wa mmoja wetu alikuwa anaolewa. Kazaliwa Juni, na watoto waliokulia huku wanajua habari za vito vya mwezi wa kuzaliwa kuliko wanavyojua majina ya shangazi zao. Juni ina lulu, aleksandraiti na jiwe la mwezi. Lulu akasema ni za mabibi. Aleksandraiti safi hata tungeuza magari yetu yote isingepatikana. Likabaki jiwe la mwezi, mwezi huu wa angani. Tukachanga pauni 20 kila mtu, jumla 240, nikapewa mimi kazi ya kununua kwa sababu, eti, muuguzi ni mtu makini.

Mtu makini huyo akafungua simu. Kuna dada mmoja wa Mombasa anauza vito vya fedha kwenye makundi yetu, wengi tunamfahamu. Picha ilionyesha kidani na hereni zake, jiwe jeupe la maziwa lenye samawati inayong'aa ndani, na chini yake ameandika: jiwe la mwezi, asilia. Nikalipa 235 pamoja na posta. Kilipofika nilikaribia kukivaa mwenyewe. Kizuri! Jiwe zima linawaka samawati, safi, halina doa hata moja. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka.

Nikakibeba kazini kukionyesha. Katika zamu za usiku mwenzangu ni muuguzi wa Sri Lanka, mzaliwa wa wilaya ya Galle. Mimi humwita akka, yaani dada mkubwa kwa Kisinhala, naye huniita nangi, mdogo wake. Saa tisa usiku tuko chumba cha mapumziko, nikafungua kisanduku. Akatazama sekunde chache, akaomba simu yangu, akawasha tochi na kuiweka nyuma ya jiwe. Lile jiwe la samawati likageuka rangi ya chungwa, kama chai ya rangi ikimulikwa kwenye glasi.

"Nangi," akaniuliza, "umelipa kiasi gani?"

Nilipomtajia akafumba macho. Kisha akaniambia kwamba hicho ni kioo. Madukani hukiita opalaiti, nacho kinatengenezwa kiwandani kwa tani na tani.

Akka anajua anachosema. Si mbali na kwao kuna mahali panaitwa Meetiyagoda, ambako mawe ya mwezi yenye samawati nzuri yamechimbwa kwa miaka mingi. Wachimbaji hushuka kwenye mashimo membamba, wakatoa udongo mweupe, wakauosha na kuchagua mawe. Mavuno si kama zamani, na ndiyo sababu samawati ya huko ina bei yake. India nayo hutoa mawe ya mwezi mengi, ya maziwa, ya kijivu na ya rangi ya pichi. Mimi ni mtoto wa mkoa wenye bonde la Umba linalotoa yakuti, lakini nimekua bila kujua tofauti ya kito na kipande cha chupa. Ilibidi nifundishwe na mtu wa ng'ambo ya bahari yetu, juu ya meza yenye makombo ya biskuti.

Jiwe la mwezi ni feldispa, jamii ya madini yaliyojaa kwenye miamba ya dunia nzima. Lilipokuwa linapoa ardhini, aina mbili za feldispa zilizokuwa zimechanganyika, ortoklezi na albaiti, zilijitenga zikawa matabaka membamba sana yaliyolaliana kama chapati za mikunjo. Mwanga ukiingia hutawanyika kwenye matabaka hayo, nasi tunaona ule mng'ao laini unaoelea. Matabaka yakiwa membamba sana mng'ao huwa wa samawati, yakiwa manene zaidi huwa mweupe. Waarabu huliita hajar al-qamar, jina lile lile letu, na aliyewahi kuona mwezi nyuma ya wingu jepesi haulizi kwa nini.

Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni mwendo wa mwanga. Shika jiwe chini ya taa moja tu, lizungushe polepole. Kwenye jiwe la mwezi mng'ao husafiri, huogelea juu ya kuba la jiwe kutoka upande huu kwenda ule, na ukifika pembe fulani unazimika kabisa, jiwe likabaki kama tone la maji au la maziwa. Ukirudisha mkono, unarudi. Kioo cha opalaiti hakina safari hiyo. Kinang'aa chote, pembe zote, kama taa ya choo isiyozimwa. Kidani changu nilikigeuza mpaka mkono ukachoka, samawati haikusogea hata nukta.

Ile rangi ya chungwa ya tochi ni dalili nzuri, lakini msiichukue peke yake mkaenda kugombana na watu. Jiwe la kweli lenye samawati nalo linaweza kupitisha mwanga wenye umanjano kidogo. Mwalimu wetu wa diploma nyumbani alikuwa akitufokea: dalili moja si ugonjwa. Mgonjwa humtazami joto tu ukamwandikia dawa ya malaria. Na huku kwenye digrii nilikuta wanasema lile lile, kwa slaidi nyingi zaidi.

Dalili ya pili inahitaji lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi, ambayo si ghali. Akka alinikopesha yake. Ndani ya kioo changu nikaona vipovu viwili, mviringo kamili, kama vya soda. Jiwe la feldispa halina vipovu vya namna hiyo. Lenyewe lina kasoro zake, na kasoro hizo ndizo cheti chake: nyufa fupifupi zilizopangana pembeni mwa ufa mmoja mrefu, ukiziona utadhani tandu kakanyagwa akabaki ndani. Wataalamu wenyewe huziita tandu. Tangu siku hiyo naogopa jiwe lisilo na doa, jinsi ninavyomwogopa mgonjwa anayeniambia hana tatizo lolote.

Nilirudi wodini nikamaliza zamu, lakini kichwa kilikuwa kwenye zile pauni 235. Si zangu. Wenzangu kumi na mmoja, wengine wanasafisha ofisi alfajiri, wamenipa jasho lao. Na muuzaji ni mwenzetu. Nikimtaja kwenye kundi, biashara yake imekufa kabla ya adhuhuri, na huenda hana kosa. Nikinyamaza, binti atavaa chupa siku ya harusi, na mimi nitakuwa naijua siri hiyo kila picha ikipitishwa. Nikaamua kuwaambia wenzangu jioni ile ile kwamba kidani kina matatizo na ninakishughulikia, bila jina la mtu. Mmoja akanijibu kwamba ninamficha mwizi. Mpaka leo hanisalimu vizuri, na sina la kumfanya.

Jumamosi nikaenda kwa yule dada. Sikumtangulizia habari kwa simu, maana maneno ya namna hii yakiandikwa huwa makali kuliko yalivyokusudiwa. Akanikaribisha jikoni. Nikaweka kidani mezani, nikazima taa ya dari, nikawasha tochi. Hakusema kitu. Akakigeuza mwenyewe mara tatu nne, akakiweka chini, akaenda kuinjika maji ya chai ambayo hatukuyanywa.

"Mdogo wangu," akasema akiwa amenipa mgongo, "mimi nami nimeuziwa hivi hivi, kwa jina hili hili."

Akaleta kisanduku chake chote. Mawe 31, mengi yakiwa hayajavishwa fedha, yote ameyanunua kwa mtu wa jumla wa kwenye intaneti kama jiwe la mwezi. Tukakaa pale mpaka magharibi, na siku hiyo ndiyo nilijifunza zaidi, kwa sababu mawe yakiwa pamoja yanasemana.

Kioo kilikuwa rahisi. Baada ya vipande vitatu tu yeye alikuwa anavitambua kabla sijanyanyua lenzi. Kumi na nne. Baadhi vilikuwa na mshono mwembamba ukingoni uliobaki kutoka kwenye kalibu.

Yaliyotupa kazi ni mawe tisa mazuri sana, yanayowaka samawati, na ukiyageuza yanatoa kijani, manjano, hata zambarau kidogo, kwa mabaka. Ndani ya mengine mna vijiti vyeusi vya turmalini. Haya si kioo, ni mawe halisi. Sokoni yanaitwa jiwe la mwezi la upinde wa mvua, na wauzaji waaminifu kabisa hutumia jina hilo. Ila kimadini ni labradoraiti nyeupe, feldispa ya tawi jingine la ukoo. Ni binamu, si ndugu wa tumbo moja. Maoni yangu ni haya: anayependa rangi nyingi alinunue bila wasiwasi, ni zuri, lakini aambiwe ni nini na asilipe bei ya samawati ya Meetiyagoda.

Tuliyatenganishaje? Kwa macho kwanza, maana jiwe la mwezi lenyewe kwa kawaida hutoa mng'ao wa rangi moja, mweupe au wa samawati, usio na mabaka ya upinde. Kisha kwa mizani. Yule dada ana mizani ndogo ya dhahabu inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima jiwe likiwa kavu. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, lifunge jiwe kwa uzi mwembamba ulizamishe lote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa ile ya kwanza kwa hii ya pili. Jiwe moja lilikuwa gramu 3.60, majini likasoma 1.40, jawabu 2.57, na hapo ndipo jiwe la mwezi hukaa, karibu na 2.56 hadi 2.59. Lile la mabaka lilikuwa 4.32 kwa 1.60, jawabu 2.70, labradoraiti. Kioo hakina jawabu moja, hutegemea kilichoyeyushwa pamoja. Na kipimo hiki ni cha jiwe tupu tu. Likishavishwa fedha unapima fedha pia, hesabu imeharibika. Tulirudia kila jiwe mara mbili, maana kiputo kidogo cha hewa kwenye uzi kinatosha kukudanganya.

Mawe matatu yalitusumbua: meupe ya kijivu, laini kwa macho kama nta, hayana kasoro kubwa wala mng'ao unaotembea. Kwenye mizani yalikuwa karibu 2.60, jirani mno na jiwe la mwezi, kwa hiyo namba peke yake ingetupoteza. Hizo ni kalsedoni, jamaa ya akiki tuliyoizoea kwenye pete za wazee wetu. Mwanga wake umetulia palepale kama maziwa kwenye kikombe. Mkiona jiwe linaloitwa la mwezi lakini halina mwendo wowote wa mwanga, fikirieni hiyo kwanza.

Yule dada akauliza kama opali nayo inaweza kuchanganywa. Inaweza, lakini opali ni nyepesi zaidi, na ile yenye thamani hurusha cheche za rangi badala ya wingu moja. Kuna pia selenaiti, ambayo ni jasi, ina mstari wa mwanga kama hariri. Hiyo ni laini kiasi kwamba ukucha unaikwaruza.

Lakini jamani, msikwaruze mawe ya watu. Wapo wanaoshauri kisu au sindano ya moto. Jiwe la mwezi lina ugumu wa 6 hadi 6.5 tu, tena lina njia mbili za kupasukia ndani yake. Ukilipiga vibaya limekatika, na hapo utakuwa umethibitisha kwamba lilikuwa la kweli. Wengine husema liweke shavuni, likiwa baridi ni jiwe. Mimi nimepapasa mashavu na vipaji vya nyuso vya wagonjwa miaka kumi na moja na bado natumia kipimajoto.

Kuna hila nyingine inayowapata hata wazoefu. Jiwe la kweli lakini hafifu hupakwa rangi nyeusi nyuma, kisha pete hufungwa mgongo ili usione. Weusi hufanya samawati ionekane kali. Kwa hiyo ukinunua, pendelea kidani kilicho wazi nyuma, mwanga upite.

Katika mawe 31, ya kweli yalikuwa matano, madogo, moja lenye ufa ambao haukuhitaji hata lenzi. Nilimwona akiyahesabu tena kimoyomoyo, midomo inacheza. Zile pauni za mtaji alizitoa kwenye akiba ya nauli ya kwenda kumwona mama yake.

Hapa Uingereza sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na ukigundua vinginevyo una siku 30 za kumrudishia mfanyabiashara na kudai fedha zako zote. Sheria hiyo ilikuwa upande wangu dhidi ya yule dada. Yeye na mtu wake wa jumla, aliye nchi nyingine na asiyejibu tena ujumbe, ni habari nyingine. Nilimwambia hilo waziwazi, maana kumficha nisingekuwa ninamsaidia. Akasema atanirudishia zote. Nikamwuliza bei ya lile jiwe bora kati ya matano.

Tulikubaliana hivi. Alirudisha 150, na jiwe likawa letu pamoja na fedha ya kile kidani cha kwanza. Nikalipeleka kwa sonara mmoja kwenye mtaa wa masonara hapa Birmingham, akalitazama kwa kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda, akasoma 1.52. Labradoraiti ingesoma karibu 1.56. Akalivisha upya, wazi nyuma, kwa pauni 45. Ni dogo kuliko la kwanza, na upande mmoja lina tandu wake. Hereni tukaacha. Zilizobaki nikawarudishia wenzangu, pauni 9 na senti kadhaa kila mmoja, na karatasi ya hesabu.

Bibi harusi nilimweleza namna ya kulitunza: maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kitambaa, basi. Lisiingie kwenye mashine ya kusafishia inayotikisa. Lisilale na vito vingine kwenye kisanduku kimoja, kwani litakwaruzwa. Hata vumbi la kawaida lina punje za kwatsi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo ukilifuta kwa nguvu likiwa kavu unalisugua kwa msasa. Kwa kidani si neno sana, kwa pete ndiyo mtihani. Mimi kazini nisingeivaa hata ningekuwa nayo: wodi za huku mikono huwa wazi chini ya viwiko, na pete inayoruhusiwa ni moja isiyo na kito.

Yule dada amefuta maandishi ya zamani. Sasa mawe tisa yameandikwa labradoraiti nyeupe, matatu kalsedoni, na vile vioo anaviuza kama vioo, kwa pauni 6, na vinatoka. Kisha akakaa na daftari lake akawapigia waliomnunulia kabla yangu. Wanane. Mmoja wa Leicester alicheka akasema kioo chake anakipenda na hakirudishi. Wawili hawakupokea simu. Wengine watano anawalipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na mpaka ninapoandika haya amebakiza watatu.